Majina ya Penseli

Ukitaka kumuudhi Mama Emerance, mwambie yeye ni mtu mwema. Atakutazama kuanzia utosini hadi unyayoni, atashusha sufuria yake ya uji chini, na atakuuliza kama huna kazi nyumbani kwako. Mwema wapi! Anapeleka uji hospitalini, basi. Anawauliza wagonjwa majina yao, basi. Kama hiyo njo utakatifu, atasema (njo yetu ni ndiyo yenu), huko mbinguni hatutapata pa kukanyaga.

Haya, acha nieleze hilo la majina, maana bila hilo hutanielewa hata kidogo.

Mwaka wa sabini na mbili redio ilitangaza kwamba kila Mzaire aache jina la Kizungu na kuchukua la mababu. Padri atakayembatiza mtoto kwa jina la kigeni, gerezani. Watu wa Kindu wakapanga mstari kwenye ofisi ya mtaa waandikwe upya. Mtu aliamka Louis akalala Kimwanga. Wengine walichukua jina la babu, wengine la mjomba, na wengine kwa haraka walitaja jina lolote lililowajia mdomoni, jioni wakawa wamelisahau. Tulicheka sana siku zile. Tulikuwa wajinga.

Florentin, mume wa Emerance, alikuwa mtu wa reli, wale wanaotengeneza njia ya gari la moshi. Ofisi ya mtaa wao wa Kasuku ilimwandika Lukungu, na mkewe nyumbani alilijua hilo. Lakini kwenye kikosi chake cha kazi akina Lukungu walikuwa tayari wawili, na msimamizi alichoka kuita mmoja wakaja watatu. Akamuuliza, babu yako wa upande wa mama aliitwa nani? Tambwe. Basi wewe ni Tambwe. Akaandika. Florentin aliona ni mzaha wa kazini tu, hakuupeleka nyumbani.

Mwezi wa nane toroli la reli lilipinduka karibu na Kibombo likamvunja mbavu. Wakamleta Kindu, wakamlaza hospitalini. Emerance alipopata habari alikimbia mbio, miguu mitupu, akafika kwenye dirisha la karani akihema. Florentin wa reli yuko wapi? Karani akajibu hakuna Florentin. Lukungu je? Hakuna Lukungu. Na bila cheti chenye jina la mgonjwa, mlinzi hakumruhusu mtu apite. Akaenda stesheni, stesheni wakamwambia amepelekwa hospitali. Akarudi dirishani, jibu likawa lilelile. Akaketi barazani siku mbili, akila karanga alizopewa na mama mmoja wa Kailo, akingoja mtu wa reli aje amwelekeze.

Siku ya tatu asubuhi wafungwa walitoka na maiti asiye na ndugu, amefunikwa shuka fupi, wanampeleka kumzika. Emerance akauona mguu wa kushoto. Kidole gumba hakikuwa na ukucha. Hakuuliza jina la mtu yeyote, alipiga ukelele mmoja tu, na waliokuwepo wanasema mpaka leo wakiukumbuka nywele zinawasimama. Kitanda cha Florentin kilikuwa hatua thelathini kutoka pale alipoketi. Mzee wa kitanda cha jirani alimwambia, "Alikuita, mama. Alikuita mpaka sauti ikakwisha." Ili apewe maiti yake alitia dole gumba kwenye kitabu cha wagonjwa, mwisho wa mstari, kwa wino wa buluu, maana wakati ule hakujua kuandika hata jina lake mwenyewe.

Karani wa dirishani aliitwa Isidore. Siku ya tatu ya matanga alikuja, mtu mwembamba mwenye kola safi, akapiga magoti uwanjani mbele ya watu wote akalia kama mtoto. "Mama, kwa kitabu iliandikwa Tambwe. Ningejua namna gani?" Na ni Emerance, mjane wa siku tatu, aliyemwinua kwa mikono yake. Alimwambia, "Baba Isidore, kosa si lako. Njo makaratasi." Akamnawisha mikono, akamsukumia sahani ya bugali na sombe ya majani ya muhogo, na hakuondoka mpaka amekula.

Tangu siku hiyo wakawa ndugu. Isidore alijiunga na shirika lao, lile kundi la Wakristo wa mtaa wanaosali pamoja kila Jumatano, na kwa kuwa alijua kalamu akaanza kuwafundisha akina mama kusoma. Emerance alikuwa mwanafunzi wake mgumu kuliko wote. Alinakili herufi zake moja moja, akitoa ulimi nje, mpaka mwandiko wake ukafanana na wa mwalimu, hata ile F yenye mkia mrefu unaopinda chini ya mstari. Watu wa shirika walitania kwamba huwezi kujua barua imeandikwa na nani.

Hakuzaa, Emerance. Florentin alipokwisha, nyumba ilibaki na sauti ya kuku tu. Miezi kadhaa hakuona sababu ya kuamka, na alimwambia Mungu hivyo hivyo, bila kuzungusha maneno. Kisha siku moja alikwenda hospitalini kurudisha shuka lao. Kijana mmoja aliyelala peke yake akamwita, "Mama." Akasimama. Akamuuliza swali ambalo hakuna aliyemuuliza Florentin.

"Kwenu wanakuita nani?"

"Gérard. Gérard wa Lokandu. Hapa niko Assani sijui nani, nimesahau."

Alasiri ile Emerance aliteremka mpaka mtoni akamwambia Hamadi, mwenye mtumbwi wa mota unaokwenda Lokandu. Hamadi ni Mwislamu wa pale Kindu, mcheshi, mdomo wake haufungwi na mtu. Alipofika Lokandu alisimama juu ya mtumbwi akapiga kelele: "Nani iko na mutoto anaitwa Gérard? Iko Kindu, mugonjwa, mulete chakula!" Baada ya siku mbili baba yake Gérard akafika na kuku. Emerance alipowaona wale wawili wameshikana mikono kitandani, alirudi nyumbani akalala usingizi wa kwanza tangu matanga. Asubuhi akaamka mapema. Alikuwa na pa kwenda.

Miaka minne alifanya hivyo. Misa ya saa kumi na mbili, uji, hospitali, kitanda baada ya kitanda, wale wasio na mtu. Kwenu wanakuita nani? Ni wa wapi? Alasiri mtoni kwa Hamadi, au kwa madereva wa malori ya Kampene. Isidore ndiye aliyempa daftari la kuandikia. Isidore ndiye aliyemwambia mlinzi amwache apite. Na mara nyingine, mgonjwa akiwa ameshapoteza kauli, Isidore alimnong'oneza akipita: "Ule wa kitanda cha sita, nazani wanamuita Louis, wa Kailo." Emerance aliona huyu mtu ana masikio mazuri. Alimwombea kila usiku, kwa jina, kabla hata ya kumwombea marehemu mumewe.

Na kila mwaka, siku ya kumkumbuka Florentin, Isidore alikuja nyumbani kwake uso umemshuka, na Emerance alimbembeleza upya. Kosa si lako, baba. Kula.

Sasa tufike siku yenyewe. Ilikuwa Alhamisi, mwaka wa sabini na sita, asubuhi. Kwenye chumba cha wazazi Emerance alikuta binti wa miaka kumi na tisa, amejifungua jana yake, damu haikukoma vizuri, midomo imekuwa myeupe. Mtoto mchanga alikuwa mzima, analia kwa hasira zake. Mume alikuwa machimboni Kampene, hajulikani shimo gani. Kwenye ubao wa kitanda iliandikwa Sangwa.

"Kwenu wanakuita nani, mwanangu?"

"Élisabeth." Akashika kitenge cha Emerance. "Namutaka mama. Iko Lokandu. Mama, nisife bila kumuona mama."

"Nani amekuambia unakufa? Kunywa uji." Lakini aliandika haraka, maana alikuwa ameona wengi, na mtumbwi wa Hamadi ulikuwa unaondoka saa sita mchana. Akafunga daftari akalitia chini ya kitenge. Alipotokea ukumbini akakutana na abakosti mpya kabisa, ile suti ya kiserikali isiyo na tai.

Alikuwa citoyen Mbaraka, yaani mwananchi Mbaraka, mkubwa wa Chama wa mtaa, amevaa beji kifuani, nyuma yake watu wawili. Habari zilikuwa zimemfikia kwamba huko Lokandu kuna mtu anapiga kelele bandarini akitaja majina ya Wazungu, na majina hayo yanatoka hospitali ya Kindu. Alisimama dirishani kwa Isidore akapiga ubao wa meza kwa pete yake. "Citoyen karani, lete vitabu. Vyote, hata vya zamani."

Isidore alivileta. Mbaraka akafungua kile cha mwaka ule, akapitisha kidole, akasimama. Akakileta karibu na macho. Pembeni mwa ukurasa, kwa penseli nyembamba ambayo usingeiona usipoitafuta, kando ya kila jina la mababu kulikuwa na jina lingine. "Gérard," akasoma. "Hélène. Louis." Ukurasa baada ya ukurasa.

"Hii njo nini?"

Emerance mwenyewe alishangaa. Majina hayo alikuwa hajayaona, hakuwahi kuruhusiwa kugusa kitabu. Kisha akaelewa masikio mazuri ya Isidore yalikuwa wapi. Kumbe kila anayepokewa mlangoni, karani humuuliza jina lake la nyumbani na kulificha pembeni. Mungu wangu, huyu baba! Kwa nukta moja alimpenda kuliko ndugu wa tumbo moja.

"Nimeuliza, nani anaandika hapa?"

Isidore aliinua mkono. Mkono wenyewe ulikuwa mzito, lakini aliuinua, na ukanyooka moja kwa moja kwa Emerance.

"Njo ule mama. Kila siku anaingia hapa na penseli. Mimi niko na kazi mingi, mukubwa, siwezi kumuchunga."

Msinikasirikie mimi, nasimulia tu kama ilivyokuwa. Emerance alidhani hakusikia vizuri. Alimtazama Isidore, na Isidore alikuwa anatazama kola ya Mbaraka. Wakampekua, wakalitoa daftari chini ya kitenge chake mbele ya wauguzi. Alisikia aibu ikimpanda mpaka masikioni. Alisema moyoni, ameogopa tu, ana watoto saba, atajirekebisha sasa hivi, subiri. Alisubiri. Isidore hakujirekebisha.

Mbaraka alikuwa amepata shangwe. Akachukua vitabu vya nyuma, akawa anasoma kwa sauti ili ukumbi wote usikie ujinga wa watu wasiotaka kuwa Wazaire. Sabini na tano. Sabini na nne. Akafungua kile cha sabini na mbili, mwezi wa nane, akasoma polepole kwa kuwa penseli ilikuwa imefifia.

"Tambwe Kalonda, reli, ametoka Kibombo. Na hapa pembeni..." Akainamisha kitabu kwenye mwanga. "Florentin. Muke, Emerance. Kasuku."

Emerance alishika ukuta.

Muke, Emerance. Kasuku. Kwa hiyo Florentin alipoletwa alikuwa na kauli. Alimwambia karani jina lake, na jina la mkewe, na mtaa wao. Na karani aliandika. Kisha mkewe akaja dirishani akihema, akauliza Florentin, na karani huyo huyo, kitabu kikiwa wazi mbele yake, akajibu hakuna.

Akamtazama tena Isidore. Safari hii Isidore alikuwa anamtazama yeye. Hakuna aliyehitaji kuuliza. Uso ule Emerance aliujua, alikuwa ameubembeleza miaka minne.

"Mama, sogea," Mbaraka akasema. "Unajua kuandika? Andika hapa, Florentin."

Sasa sikiliza vizuri. Kwenye ukurasa ule ule, mwisho wa mstari ule ule, kulikuwa na alama ya dole gumba ya wino wa buluu. Dole la Emerance. Mwanamke aliyetia dole kwa sababu hakujua kalamu, angewezaje kuandika jina la penseli kwenye mstari huo siku mbili kabla? Alihitaji kunyoosha kidole tu, aseme, mukubwa, tazama pale. Angekwenda nyumbani, na Isidore angepanda gari la Chama na kola yake safi. Alitamani. Sitakudanganya, alitamani mpaka meno yakamuuma. Alitamani amwone akiburutwa kwenye lile baraza alilomwacha akiketi siku mbili.

Mtoto wa Élisabeth alikuwa analia kule chumbani. Emerance alisikia ile sauti akafikiri haraka, kama mtu anayehesabu watu kwenye mtumbwi unaozama. Yeye mwenyewe huwafikia wanaoweza kusema asubuhi. Lakini wanaoletwa mchana na jioni, wanaosema neno moja mlangoni kisha wasiseme tena, jina lao lilikuwa linaokotwa na nani? Na penseli ile. Wakimchukua Isidore, ataletwa karani mwingine, mtu wa Chama, na mlangoni hakutakuwa na mtu wa kuuliza. Wakimchukua Emerance, penseli inabaki.

Akachukua kalamu. Akaandika Florentin, bila kutetemeka, na F ikateremsha mkia wake mrefu chini ya mstari.

"Sawasawa kabisa!" Mbaraka akapiga makofi. Alama ya dole ilikuwa karibu na pete yake na hakuijali. Kwake ilikuwa doa la wino tu. "Kwa hiyo ni wewe?"

"Ni mimi."

Isidore alifumba macho. Mbaraka akampa raba, akamwamuru afute majina yote, ukurasa kwa ukurasa, na vumbi lake alipulize nje. Emerance akapewa hukumu papo hapo, hapakuwa na hakimu wala nini: salongo, ile kazi ya lazima, ya miezi sita, kila siku, kufagia bandari mbele ya watu, na akikanyaga tena hospitalini, gereza. Wakaondoka na daftari. Akiwa mlangoni alisikia raba ikianza kukwaruza karatasi.

Walimpeleka saa ile ile, wakamtia ufagio mkononi wakamwacha na mlinzi mmoja mvivu. Watu walisimama kutazama. Wengine walikuwa wamewahi kula uji wake. Alifagia maganda ya ndizi na magamba ya samaki, kichwa chini, machozi yanamdondoka kwenye vumbi, na ilikuwa ni kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Ghafla akasikia mota ikikohoa. Akainua kichwa. Hamadi alikuwa anafungua kamba ya mtumbwi.

Usicheke, lakini hivyo ndivyo Chama kilivyompeleka chenyewe, kwa gari, kabla ya saa sita, mpaka mahali pale pale alipotaka kufika!

Akafagia kuelekea majini. "Élisabeth wa Lokandu," akasema bila kuinua uso. "Mama yake aje upesi. Iko kwa chumba cha wazazi. Upesi, Hamadi."

Hamadi alitazama ufagio, akatazama mlinzi, akaelewa. "Nani amekufanyia hivi?"

"Mbaraka."

"Mbaraka!" Hamadi akatema mate mtoni. "Anatafuta majina ya kigeni, na jina lake limekuja na misafara ya pwani pamoja na langu! Nitakutana naye siku moja, atanieleza babu gani wa msituni aliitwa Mbaraka." Akavuta mota, akaenda zake anazidi kutukana.

Jumapili ile Emerance alikwenda misa kama kawaida. Walipofika kwenye Baba Yetu alisali vizuri mpaka pale pa kuwasamehe waliotukosea, na pale akanyamaza. Alikata kabisa. Aliwaacha wenzake wakapita, akawapokea kwenye vishawishi. Isidore alikuwa safu mbili mbele, mabega yamemshuka. Emerance alimtazama kisogo kile akamwambia Mungu kwamba mambo ya kudanganyana mbele ya altare yeye hayawezi, na kama maneno yale hayajafika moyoni hatayatoa mdomoni.

Jumatatu mtumbwi wa Hamadi ulirudi. Akashuka mama mmoja mnene, kikapu kichwani, amekanyaga maji haraka haraka mpaka kitenge kimelowa. Akamfuata mtu wa kwanza aliyemwona, ambaye alikuwa mwanamke mwenye ufagio.

"Mama, hospitali iko njia gani?"

"Panda huku, kisha kushoto kwenye kanisa." Emerance alimshika mkono kabla hajaondoka. Alimshika kwa nguvu. "Sikiliza. Usiulize Élisabeth. Pale wanamwita Sangwa. Sema Sangwa dirishani, utapewa cheti. Umesikia? Sangwa."

"Sangwa," yule mama akarudia. "Asante, dada." Na akakimbia, bila kumuuliza jina. Emerance alibaki amesimama, ufagio mkononi, akisema Sangwa, Sangwa, kwa sauti ndogo, mpaka kikapu kikapotea juu ya njia. Angelipata mtu wa kumwambia Tambwe! Mtu mmoja tu, siku ile, mwenye neno moja.

Kesho yake Hamadi alileta habari kwamba binti yuko hai, damu imekoma, na mama yake anamlisha supu ya samaki. Emerance alimshukuru Mungu kwa ufupi. Alikuwa ameanza kuwa na mazungumzo mafupi na Mungu.

Jumatano alasiri Isidore alikuja bandarini. Alikuwa na kikapu kama mtu wa kununua samaki. Alisimama karibu na alipokuwa akifagia, akawa anawageuza geuza samaki wa watu. Emerance alielekeza ufagio kwenye viatu vyake akavifunika vumbi.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Sema yote."

Isidore alisema akiwatazama samaki. Wiki ile ya sabini na mbili Chama kilikuwa kimemchukua karani mwenzake kwa kuita Hélène dirishani. Mtu wa Chama alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake Emerance alipouliza. "Nikasema, jioni nitamufuata mama ule, nitamwambia pembeni. Jioni nilitoka. Ulikuwa umeketi barazani. Nilikuona." Akageuza samaki mwingine. "Nikapita."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nimesema tayari hakuna. Ningesemaje tena iko? Nikasema kesho. Kesho yake nikasema kesho tena, na siku ya tatu alikuwa amekufa."

Ufagio uliinuka. Waliokuwa karibu walidhani atampiga nao kichwani, na mlinzi hata aliamka. Lakini ulirudi chini, taratibu.

"Ukaja matangani," Emerance akasema. "Ukala sombe yangu. Nikakunawisha mikono, Isidore! Mume wangu yuko udongoni siku ya tatu, na mimi ninakunawisha wewe mikono. Miaka minne mimi njo nakubembeleza. Ungeniambia hata mwaka wa pili. Ningelia, ningekutukana, yangekwisha. Lakini uliniacha nikuombee kila usiku. Hilo sijui nilipeleke wapi."

Machozi yalimshuka Isidore mpaka kwenye kola, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumwinua. "Mama Emerance," akasema, "unisamehe."

Emerance alijaribu. Alilitafuta neno lile ndani yake, kwa haki kabisa, kama anavyotafuta sindano kwenye mkeka, na hakulikuta. Pengine lingekuja. Siku hiyo halikuwepo, na yeye hakuwa mtu wa kutoa alichokuwa hana. Nyuma yake Hamadi alikuwa anapakia magunia, na jua lilikuwa limeshapita upande wa pili wa mto.

Akatazama mkono wa Isidore ulioshika kikapu. Kwenye ncha ya kidole cha kati kulikuwa na alama nyeusi, mpya, ya penseli.

"Leo njo majina ngapi?" akauliza.

Isidore akafuta uso kwa kiganja. "Matatu."

"Haya." Emerance akainama, akaanza tena kufagia. "Sema polepole. Sina tena daftari."